Trela za Katwe kwa Mini na Volkswagen: chuma tele, breki haba

Anayetaka trela ya kubebea gari dogo la zamani hapa Uganda huishia Katwe, mtaa wa mafundi chuma jijini Kampala. Anamchorea fundi picha kwenye karatasi, anaacha kianzio, na baadaye anaondoka na kitu kizito kilichopakwa rangi nyeusi ya mafuta, namba ya simu ya fundi ikiwa imeandikwa ubavuni. Kwa kazi ya kukata na kuchomelea chuma, mafundi hawa hawana mpinzani mjini. Lawama yetu ni moja, na si ndogo: pesa ya mteja huishia kwenye fremu na sakafu, mahali panapoonekana, huku breki, kikombe cha mbele (kile kinachokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari linalovuta) na mgawanyo wa uzito vikiachiwa Mungu. Tungetoa alama 8 kati ya 10 kwa fremu, na 3 kwa breki, pale ambapo breki zipo.

Magari tunayoyasema ni Mini ya asili, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Fiat 500 ya zamani, na ndugu zao kama Morris Minor. Mini ina urefu wa mita 3.05, upana wa mita 1.41 na uzito wa kilo 640 hivi. Volkswagen hufika mita 4 na kidogo, kilo 800 kwa makadirio. Fiat ni fupi kuliko zote, mita 2.97. Kwa trela iliyojengwa barabarani kubebea mawe, huu si mzigo, na hapo ndipo kosa linapoanzia, maana trela hujengwa kana kwamba mzigo ni mawe.

Anza na sakafu. Fundi atakushauri uweke bati la vidoti la milimita 3 trela nzima, kwa sababu linapendeza. Bati hilo lina uzito wa kilo 25 hivi kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mita 3.6 kwa 1.8 inakula kilo 160. Njia mbili tu za matairi, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 45, zinakula kilo 80, nusu yake. Pale katikati pakiachwa wazi unaona chini ya gari, unafikia ndoano za mikanda bila kulala kifudifudi, na mafuta yanayovuja (gari la zamani lisilovuja ni la kutiliwa shaka) yanaanguka barabarani badala ya kufanya sakafu iteleze.

Ila kuna kipimo ambacho fundi hakijui mpaka umwambie. Akipima kwa Corolla au Premio iliyoegeshwa jirani, ataacha nafasi ya sentimita 110 kati ya njia mbili. Matairi ya nyuma ya Mini, kwa upande wa ndani, yameachana sentimita 102 tu. Maana yake sentimita 4 za kila tairi zinaning'inia hewani, na tairi lenyewe halina upana wa sentimita 15. Mwagize aache sentimita 85. Ukijumlisha njia mbili za sentimita 45 unapata upana wa sentimita 175 kutoka ukingo hadi ukingo: Mini inakaa, Volkswagen inakaa, na hata hiyo Premio ya jirani inakaa siku ukimwazima mtu.

Chini ya sakafu hiyo, mara nyingi utakuta ekseli ya nyuma ya Hiace pamoja na springi zake za mabamba. Uchaguzi huu una akili. Beringi, nati na matairi yake yanapatikana Kisekka, Ndeeba, na hata kwenye kibanda cha spea Soroti. Mwenye trela iliyotoka Uingereza, yenye vigurudumu vya inchi 10 ili sakafu iwe chini, anaweza kulala njiani kwa sababu ya tairi moja. Lakini springi za Hiace zilipangwa kubeba abiria kumi na kitu na mizigo yao. Ukiweka Mini juu yake hazipindi hata kidogo. Trela inarukaruka, na kila shimo linapokelewa na raba za saspensheni ya gari lililo juu. Toa mabamba, moja au mawili kwa kila upande, ukianzia na lile nene la chini, hadi trela ikiwa na gari juu yake ishuke sentimita 3 hadi 5 kuliko ikiwa tupu. Shokapu ziwekwe. Wengi huziacha kwa kusema trela haina abiria.

Jambo jingine la ekseli hiyo: usikubali fundi amwage oili ya difu (lile sanduku la gia katikati ya ekseli) eti kwa kuwa hakuna injini. Matairi yakizunguka, gia za ndani ya difu zinazunguka nayo. Bila oili zitalia kabla hujafika Lugazi. Mahali palipokuwa na propela pazibwe kwa bamba ili vumbi la murram lisipite kwenye sili.

Sasa breki. Kule Ulaya trela yoyote ya uzito wa jumla unaozidi kilo 750 lazima iwe na breki zake. Trela ya Katwe tupu ina kilo 450 hadi 500. Ongeza Mini uko kilo 1,100 na ushee, ongeza Volkswagen uko 1,300. Bado nyingi tunazoziona zinategemea breki za gari linalovuta, na tukiuliza, jibu ni kwamba Prado ina nguvu. Prado itasimama, hilo halina ubishi. Swali ni kama kilo 1,300 zilizo nyuma yake zitakubali kusimama kwenye mstari uleule, katikati ya mvua, lori la miwa likiwa mbele ndani ya msitu wa Mabira.

Dawa haiko mbali. Dramu za ekseli ya Hiace tayari zina waya za breki ya mkono. Ukinunua kichwa cha breki ya msukumo, yaani kile ambacho shina lake huingia ndani trela inapomsukuma anayevuta, chuma chake cha nyuma kinaweza kuunganishwa na waya hizo mbili kupitia mizani ndogo inayogawa mvuto sawa kushoto na kulia. Vichwa hivi huja mjini vikiwa vimetumika, kwa hiyo vikague kabla hujalipa. Sukuma shina ndani kwa nguvu kisha uliachie. Likirudi polepole, shokapu ya ndani ni nzima. Likirudi kwa kishindo, imekufa, na utaisikia ikigonga mgongo wa gari kila unapobadili gia. Halafu pandisha trela kwa jeki, vuta breki ya mkono jino moja moja, na mtu azungushe matairi kwa mkono: yote yanapaswa kukamata kwenye jino lilelile. Upande mmoja ukitangulia, trela itavuta upande huo siku ya breki ya ghafla.

Kasoro ya mpango huu ni kurudi nyuma. Breki ya msukumo haijui kama unasimama au unarudi. Ukirudi nyuma kwenye mwinuko inakamata. Ekseli za trela za kiwandani za siku hizi zina viatu vya breki vinavyojiachia vyenyewe, dramu za Hiace hazina. Mwambie fundi atoboe tundu kwenye shina na akupe pini ya kulizuia wakati wa kurudi. Na pini hiyo aifunge kwa mnyororo mwekundu unaoonekana kutoka mbali, kwa sababu ukiisahau ndani umerudi kwenye trela isiyo na breki.

Kamba nyembamba ya chuma ya usalama, ile inayovuta breki ya mkono trela ikichomoka, ifungwe kwenye chuma kilichoshikwa na chesisi ya gari. Usiizungushe kwenye shingo ya tufe. Likitoka tufe na kamba imetoka.

Tufe lenyewe lina mtego wake. Uganda hupokea vyuma kutoka kila upande wa dunia. Tufe la Ulaya ni milimita 50. La Marekani huja kwa inchi 2, yaani milimita 50.8, na kuna dogo la inchi 1 na saba kwa nane, ambalo ni milimita 47.6. Kwa macho yote matatu ni yaleyale. Kikombe cha milimita 50 juu ya tufe la 47.6 kitafunga, kitatoa mlio wa kufunga, kisha tuta la kwanza litakinyanyua. Kipimo hugongwa juu ya tufe au ubavuni mwa kikombe. Kama kimefutika, tumia kalipa. Tufe la milimita 50 likishalika hadi 49 ni la kutupa. Ukishafunga, zungusha mpini wa kigurudumu cha mbele cha trela kana kwamba unainyanyua: sehemu ya nyuma ya gari ikipanda nayo sentimita chache, kikombe kimeshika.

Urefu wa tufe kutoka ardhini uwe kati ya sentimita 35 na 42 gari likiwa na mzigo. Hilux iliyonyanyuliwa inapita hapo kwa mbali, na trela hukaa pua juu. Weka bamba la kushushia tufe. Chuma cha kuvutia kishikwe kwenye chesisi kwa boliti za M12 zenye namba 8.8 kichwani, kamwe kisichomelewe kwenye bati la bodi.

Tukifika kwenye uzani, hapa tunaomba msomaji achukue kalamu. Trela inayoyumba mkia barabarani karibu kila mara ni trela yenye pua nyepesi. Lenga pua ikandamize tufe kwa asilimia 7 ya uzito wote: kwa Mini na trela yake, kilo 75 hadi 80. Kwa Volkswagen, kilo 90 hivi. Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia magunia ya kahawa inatosha kabisa: ifunge juu, ninginiza pua ya trela ikiwa imekaa sawa, soma. Mizani ya bafuni nayo inafaa ukiweka kipande cha mbao kati yake na kikombe.

Kurekebisha ni hesabu ya mizani ya utotoni. Uzito wa gari, zidisha kwa umbali ulioisogeza, gawanya kwa urefu kutoka ekseli ya trela hadi tufe. Kama urefu huo ni mita 3.2, kusogeza Mini mbele sentimita 10 kunaongeza kilo 20 kwenye pua. Kusogeza Volkswagen kiasi hichohicho kunaongeza 25. Kwenye trela ya ekseli mbili, pima kutoka katikati ya ekseli hizo.

Mini imebeba injini mbele, kama asilimia 60 ya uzito iko huko, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko karibu sentimita 80 nyuma ya ekseli yake ya mbele. Tuseme trela yako tupu ina kilo 45 puani. Unahitaji kilo 30 zaidi, na hizo zinapatikana kitovu kikiwa sentimita 15 mbele ya ekseli ya trela. Maana yake ekseli ya mbele ya Mini ikae sentimita 95 mbele ya ekseli ya trela. Pima, chomelea kizuizi cha tairi hapo, paka rangi, na usihangaike tena.

Volkswagen ni kinyume. Injini iko nyuma, na kitovu chake cha uzito kiko kama sentimita 95 tu mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiipakia ikitazama mbele kwenye trela iliyopimwa kwa Mini, pua itanyanyuka na ukifika spidi ya 70 mkia utaanza kucheza. Una njia mbili: kuisogeza mbele mpaka pua ya gari ikaribie winchi, au kuipakia kinyumenyume. Njia ya pili inafanya kazi vizuri kwenye trela fupi, lakini milango ya Volkswagen imebanwa bawaba kwa mbele. Gari likisafiri kinyumenyume, upepo unaingia mahali mlango unapofungukia. Mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa ufunguo utafunguka wote na kukunja bati la mbele. Funga kwa ufunguo, pandisha vioo, na funika matundu ya hewa yaliyo juu ya boneti ya injini kwa turubai kabla ya barabara ya vumbi.

Gari likitazama mbele, boneti zote mbili, ya Mini na ya Volkswagen, zina bawaba upande wa kioo na kitasa mbele. Kitasa kilicholegea kikipata upepo, boneti inafunguka hadi kwenye kioo. Mkanda mwembamba juu yake, wenye kitambaa chini, unatosha.

Mikanda mikubwa sasa. Nunua ya racheti yenye upana wa milimita 50 na lebo ya bluu. Bluu ni polyester, ambayo hainyooki sana. Lebo iseme LC 2,500 daN, yaani inaweza kushika kama tani 2 na nusu ikivutwa moja kwa moja. Mikanda isiyo na lebo inayouzwa kandokando ya barabara tunaiachia magodoro. Kamba ya katani haifai hata kidogo: inavutika, inalegea, na ikilowa inabadilika tena.

Funga matairi, si bodi. Mkanda ukipita juu ya tairi na kushikwa mbele na nyuma yake, gari linaendelea kuchezea springi zake lenyewe na mkanda haulegei. Ukiufunga kwenye chesisi ukaukaza, unabana raba za saspensheni ya Mini kwa saa tano za matuta; na Mini zile zilizouzwa na saspensheni ya maji miaka ya 1960 hazipaswi kukandamizwa hivyo kamwe. Shida ni kwamba mikanda ya matairi huja kwa vipimo vya tairi za inchi 13 na zaidi. Tairi ya Mini ya 145/80 R10 ina kipenyo cha sentimita 49 hivi, kwa hiyo vipande vya raba vinavyozuia mkanda usiteleze vinakaa pembeni badala ya juu. Mpe fundi wa viti avishonee upya kwa uzi mnene kwenye kifuko kinachouvaa mkanda. Usishonee mkanda wenyewe wala kuutoboa. Mshono ule wa kiwandani ndio wenye nguvu iliyoandikwa kwenye lebo.

Ikibidi kufunga chini ya gari, kwenye Volkswagen tumia bomba la ekseli ya mbele ukitazama mrija wa breki unaopita juu yake. Kwenye Mini usiguse vile vyuma vyembamba vya mbele vinavyoshika mikono ya saspensheni. Vinapinda, na gari litakula tairi bila mwenyewe kujua sababu. Bampa ni pambo.

Mikanda minne, breki ya mkono ya gari imevutwa, gia ya kwanza, waya wa betri umetolewa. Pinda kila mkanda mara moja kabla ya kuukaza, ili mkanda usipige kelele kwenye upepo. Waya wa winchi haufungi gari. Kazi yake iliisha gari lilipofika juu. Simama baada ya kilomita 10 ukaze tena, kisha kila unaponunua maji. Kwenye murram ya mabati mabati, kaza kila nusu saa.

Vipandio vya Katwe huwa vifupi mno, mita 1.5 au 1.8. Kwa sakafu iliyo sentimita 50 kutoka chini, mita 1.8 ni mwinuko wa digrii 16, na bomba la moshi la Mini litakwaruza. Agiza mita 2.4, inashuka hadi digrii 12. Kwa mwinuko huo, kuivuta Mini iliyokufa kunahitaji kama kilo 135, tuseme 200 breki zikiwa zimeshika kutu, kwa hiyo winchi ya mkono ya kilo 500 inatosha na kubaki.

Taa: waya mweupe ndio ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na ndio unaoharibika kwanza. Ukikanyaga breki na indiketa zikafifia, usibadili balbu. Fundi ametegemea tufe kupitisha ethi, na grisi imezuia. Vuta waya mweupe wake pekee hadi kwenye plagi. Rangi nyingine ni njano kwa indiketa ya kushoto, kijani kwa ya kulia, nyekundu kwa breki, nyeusi na kahawia kwa taa ndogo za kushoto na kulia, bluu kwa taa ya ukungu.

Kwa barabara zetu, matuta yapandwe kwa kunyooka, magurudumu yote mawili ya ekseli kwa pamoja, spidi ya 10 hadi 15. Barabara ya Masaka, kuanzia Kayabwe pale Ikweta hadi Lukaya, itakufundisha subira. Kuelekea Kisoro kutoka Kabale, hesabu mteremko: breki ya msukumo hukamata muda wote trela inaposukuma, dramu zinachemka, kisha hazishiki. Shuka kwa gia ya pili na usimame njiani. Gusa habu kwa mgongo wa kiganja. Ikikufanya utoe mkono haraka, subiri.

Je, brekidauni, lile lori la kubebea magari mabovu, haitoshi? Kwa safari moja ya Kampala, inatosha, mradi usimruhusu kijana wake atupe mnyororo kwenye saspensheni. Nenda na mikanda yako ya matairi na usimamie mwenyewe. Kwa mtu anayesafirisha gari mara nne tano kwa mwaka, trela ya Katwe inalipa, hasa ikiagizwa kama hivi: fremu kwao, ekseli ya Hiace yenye springi zilizopunguzwa, kichwa cha breki ulichokikagua mwenyewe, na fundi wa breki tofauti na fundi wa kuchomelea. Fundi wa kuchomelea atakwambia anaweza yote. Mshukuru, mlipe ya fremu.

Tairi la akiba la trela lifungwe mbele, upande wa pua, kabla ya kupima uzani, maana lina kilo 15 hadi 20 na linabadilisha hesabu yote. Na kabla hujatoka Kampala, jaribu jeki ya gari lako chini ya ekseli ya trela yenye mzigo na tairi lisilo na upepo. Jeki nyingi za Hilux haziingii.